Mikataba ya Elimu ya Kuvumiliana Ifike Hadi Darasani: Barua ya Wazi kutoka Nakuru, Kisumu na Busia

Kwa Waziri wa Elimu, Waziri wa Mashauri ya Kigeni, na mabalozi wa nchi zinazofadhili elimu nchini Kenya.

Waheshimiwa,

Tunaoandika ni walimu wa shule za msingi na sekondari, maafisa wa mitaala na wapimaji wa watoto wenye mahitaji maalum katika kaunti za Nakuru, Kisumu na Busia. Tunaandika kuhusu mikataba mnayoitia saini kwa niaba ya madarasa yetu. Novemba 2023, nchi 194 wanachama wa UNESCO, Kenya ikiwa miongoni mwao, zilipitisha mjini Paris Pendekezo jipya la elimu ya amani na haki za binadamu, lililochukua nafasi ya lile la 1974. Nyuma yake kuna Tamko la Salamanca la 1994 kuhusu watoto wenye mahitaji maalum, Tamko la Misingi ya Uvumilivu la 1995, na Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008. Humu nchini tuna Katiba ya 2010, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na sera ya elimu ya amani ya 2014 iliyozaliwa na machungu ya ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008. Maandishi yametosha. Ombi letu ni kwamba mkataba wowote utakaotiwa saini kuanzia sasa utaje fomu itakayobadilishwa, kitabu kitakachosahihishwa, na mtu atakayefuatilia kazi hiyo, pamoja na atakayemlipa mshahara mfadhili akishaondoka. Mkataba usiotaja hayo hauvuki ukumbi wa warsha.

Tunaanza na fomu, kwa sababu kuirekebisha hakugharimu karibu chochote, na ikiachwa ilivyo inawafungia watoto nje.

Desemba 2017, mawaziri wa elimu wa nchi za IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na majirani zake, walikubaliana mjini Djibouti kwamba watoto wakimbizi waingizwe katika mifumo ya elimu ya nchi zinazowapokea. Ni azimio la kujivunia, na Sheria yetu ya Wakimbizi ya 2021 ilikuja baadaye. Sasa mfuateni mtoto mmoja hadi mlangoni pa mwalimu mkuu, Nakuru mjini. Kompyuta inafunguliwa ili asajiliwe, na kikwazo cha kwanza huwa nambari ya cheti cha kuzaliwa. Asipokuwa nayo, mara nyingi hahesabiwi, na asiyehesabiwa hatumiwi mgao wa fedha. Kwa sekondari msingi mgao huo umewekwa kuwa Sh15,042 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi. Kwa shule ya msingi ni Sh1,420. Watoto watatu wa sekondari msingi wasiohesabiwa wanaiachia shule pengo la Sh45,126, na pengo hilo ndilo linalomfanya mwalimu mkuu aseme nafasi zimejaa. Hamchukii mgeni. Anaogopa deni la chaki na stima.

Pengo hilo hilo linawanasa watoto Wakenya: wanaolelewa na nyanya zao Busia huku wazazi wakifanya kazi ng'ambo ya mpaka, watoto wa mitaani Kisumu, na wale wenye ulemavu waliofichwa nyumbani hata kuzaliwa kwao hakukuandikishwa. Dawa yake ni mfumo wa usajili kukubali nambari ya muda kwa siku 180. Mwalimu mkuu aitoe siku ile ile kwa barua ya chifu au karatasi yoyote ya usajili wa ukimbizi, mgao uanze kuhesabiwa, na ofisi ya usajili wa vizazi ipewe orodha ya watoto hao kila mwisho wa muhula ili iwafuate shuleni badala ya kungoja mzazi asiye na nauli. Waziri wa Elimu anaweza kuliagiza hili bila kupitia Bunge. Nao mabalozi walioshangilia azimio la Djibouti wana haki ya kuuliza kila mwaka ni nambari ngapi za muda zimetolewa na ngapi zimegeuzwa kuwa za kudumu.

Fomu ya pili ni ile ya kujiunga na shule, hasa ukurasa wa sare. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza kumbagua mtoto anayeomba nafasi kwa sababu ya dini, kabila, lugha, ulemavu na mengineyo. Kifungu cha 27 kinampa mfadhili wa shule, yaani kanisa au taasisi ya dini iliyoianzisha, jukumu la malezi ya kiroho huku akilinda imani za wengine. Pamoja na hayo, sheria ndogo za shule nyingi bado zinasema "kichwa wazi" bila maelezo. Nakuru ina familia nyingi za Akorino, waumini wa kanisa la Kiafrika, ambazo kilemba kwao ni sehemu ya ibada. Upande wa ziwa kuna waumini wa Legio Maria na wa makanisa ya Roho. Kuna Waislamu kila mji. Mahakama zimejaribu: Septemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba msichana Mrastafari aliyezuiwa shule kwa ajili ya nywele zake asifukuzwe. Miezi minane kabla yake, Mahakama ya Juu ilikuwa imebatilisha, kwa misingi ya utaratibu wa kesi, uamuzi ulioruhusu hijabu katika shule moja ya Isiolo. Mwalimu mkuu akizisoma hukumu hizo mbili habaki na jibu la wazi la kumpa mzazi Jumatatu asubuhi.

Kinachohitajika ni kanuni ya ukurasa mmoja kutoka wizarani, itakayobandikwa kwenye kila fomu ya kujiunga. Kitambaa cha kichwa kinaruhusiwa kwa sababu ya dini, kiwe na rangi ya sare, uso uonekane, kishonwe kwa pamba. Maabara ndiyo kisingizio kinachotumika sana kukataa vilemba na hijabu, ilhali suluhisho ni rahisi: nailoni inayeyuka na kushika ngozi ikiguswa na moto, pamba haiyeyuki, na ncha za kitambaa zikichomekwa ndani ya koti la maabara hazifiki kwenye mwali. Mtoto asiulizwe mbele ya wenzake kwa nini anavaa. Mzazi aandike mara moja kwenye fomu, basi.

Kuhusu Jumamosi hatutakawia. Mahakama ya Rufaa iliamua Machi 2017 kwamba wanafunzi Waadventista waruhusiwe kuitunza Sabato, nayo inaanza jua likitua Ijumaa na kwisha jua likitua Jumamosi. Shule za Gusii na Nyanza za bweni zinajua hivyo. Hata hivyo usafi wa jumla, majaribio ya wiki na vipindi vya ziada bado vinapangwa Jumamosi asubuhi, kisha mtoto anapewa alama sufuri kwa kutokuwepo. Usafi ufanywe Ijumaa kabla ya saa kumi jioni, na majaribio yahamie siku nyingine. Ni kazi ya naibu mwalimu mkuu na ratiba yake.

Sasa vitabu. Tangu 2018 serikali inanunua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni. Manufaa yake ni kwamba picha moja nzuri inawafikia watoto wa nchi nzima, na hatari ni kwamba picha moja mbaya inawafikia pia. Ujerumani na Ufaransa zina funzo hapa. Wazo la kuandika kitabu kimoja cha historia kwa wanafunzi wa nchi hizo mbili lilitolewa na bunge la vijana mjini Berlin, Januari 2003, Mkataba wa Élysée wa 1963, ule wa urafiki kati yao, ulipotimiza miaka 40. Juzuu ya kwanza ilitoka 2006. Ilikuwa kazi ya fahari, lakini haikuenea madarasani kama ilivyotarajiwa, na sababu moja ni kwamba Ujerumani kila jimbo lina mtaala wake. Mwalimu anashika kitabu kinachofuata mtaala anaokaguliwa nao. Vivyo hivyo, kijitabu cha amani kinachochapishwa na ubalozi nje ya mtaala wa KICD, taasisi ya kitaifa ya kukuza mitaala, kinafungiwa kabatini, hata kama kimeandikwa kwa ustadi wote. Pesa hizo ziende kwenye kukagua vitabu vilivyokwisha kuwa mikononi mwa watoto.

Ukaguzi wenyewe si kazi ya kubahatisha. Wasomaji wawili wanasoma kitabu kimoja bila kushauriana, kila mmoja na jedwali lake. Kila mtu anayetajwa au kuchorwa anaandikwa: jina, jinsia, kazi anayofanya, na kama anatenda au anatendewa. Mifano ya hesabu isirukwe. Huko ndiko upendeleo hujificha zaidi, kwa kuwa hakuna anayetafuta ukabila kwenye sura ya sehemu na desimali. Baada ya hapo majedwali yanalinganishwa na kuulizwa maswali. Je, mfugaji wa kaskazini anaonekana tu ng'ombe wanapoibwa? Mtu wa kiti cha magurudumu yupo kwenye somo la huruma pekee, au pia anauza duka na kufundisha? Mwislamu anatajwa siku ya Idi tu? Msichana amewahi kuwa fundi wa stima? Wasomaji wakitofautiana sana, wa tatu anaitwa, na afadhali awe mtu wa jamii inayozungumziwa. Makosa yaandikwe kwa nambari ya ukurasa na sentensi mbadala ipendekezwe, kwa sababu mchapishaji anayeambiwa tu kwamba "kitabu kina upendeleo" hana la kurekebisha. Marekebisho yaingie kwenye uchapishaji unaofuata, gharama ikiwa ndogo.

Mafunzo ya walimu yamekwama kwa sababu inayojulikana na kila mtu aliye kazini. Semina ya kitaifa ya siku tano hufika kaunti ikiwa siku tatu, ikafika kwa kundi la shule ikiwa siku moja, na shuleni inakuwa mkutano wa saa moja baada ya masomo, walimu wakiwa wamechoka na matatu zikiwangoja. Kila ngazi inakata kile kigumu na kubakiza hotuba ya ufunguzi. Tunapendekeza kinyume chake: vikao sita vya dakika 40 kwa muhula, ndani ya shule, vikiongozwa na mwalimu wa hapo hapo, na afisa wa mitaala aje mara mbili kuketi nyuma ya darasa na kutazama somo.

Vikao hivyo viwe vya mambo yanayotokea. Mtoto akimwita mwenzake kwa tusi la kabila, mwalimu asimamishe somo, aseme kwa sauti ya kawaida kwamba neno hilo halitumiki humu, kisha aendelee bila kuuliza nani alianza. Kabla ya chakula cha mchana amwone aliyetukana peke yake, na aliyetukanwa peke yake. Tarehe, neno na hatua viandikwe kwenye daftari la darasa. Asiwalazimishe kushikana mikono mbele ya wenzao. Akilazimishwa hivyo, aliyeumizwa anajifunza kwamba utulivu wa mwalimu una thamani kuliko maumivu yake. Neno lile lile likirudi mara tatu kwa mwezi, limetoka nyumbani au sokoni, na hapo mzazi anaitwa. Kuhusu kazi za vikundi, kosa la kawaida ni kugawa kwa madawati. Watoto huketi na majirani wa kijijini, basi kikundi kinakuwa cha kabila moja bila mtu kukusudia. Wahesabiwe moja hadi nne, wa nambari moja wakae pamoja, na kazi ya katibu izunguke kila wiki, la sivyo anayeandika vizuri Kiingereza atakuwa kiongozi mwaka mzima.

Kwa watoto wenye ulemavu tunawaomba mtulie nasi kidogo, maana ndipo ufadhili wa nje umefanya mema mengi na ndipo umepotea mengi.

Vituo vya upimaji wa watoto wenye mahitaji maalum vilianza 1984 kwa msaada wa Denmark, na taasisi ya KISE ya kufunza walimu wao ikafuata 1986. Msaada wa Denmark uliisha zamani, vituo vipo hadi leo. Vilisalimika kwa sababu wapimaji ni walimu walioajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, kwa hiyo mshahara wao haukuondoka na mfadhili. Kilichokufa ni kile ambacho hakikuwa na bajeti ya Kenya: magari, karatasi, na zaidi ya yote matengenezo ya vifaa. Mashine ya kupima usikivu inapaswa kurekebishwa vipimo kila mwaka. Isiporekebishwa inaendelea kulia na kuonyesha namba, lakini namba si za kweli. Mtoto anayesikia nusu anaandikwa kuwa mzima, kisha mwalimu anayeona hajibu maswali anamwita mzito wa akili. Kosa la pili ni chumba: mtoto anapimwa kwenye ofisi iliyo karibu na stendi ya matatu, sauti za chini zinamezwa na kelele, na anaonekana kiziwi kuliko alivyo. Utaratibu sahihi ni muuguzi kuangalia masikio kwanza kama yana nta au usaha, kuyatibu, kisha kupima kwenye chumba tulivu kwa sauti za hezi 500, 1,000, 2,000 na 4,000, sikio moja moja. Ubalozi unaotaka kusaidia usilete mashine mpya kabla ya kuuliza nani atalipia urekebishaji wa zilizopo kwa miaka mitano.

Rampu nazo. Kiwango ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo. Baraza la darasa lililoinuka sentimita 45 linahitaji rampu ya mita 5.4, upana usipungue mita 1.2, na mahali pa bapa juu pa kugeuzia kiti. Fundi asiyepewa vipimo hujenga mita mbili, kwa kuwa ndipo saruji ilipoishia. Rampu hiyo hupigwa picha ya ripoti, na mtoto wa kiti cha magurudumu akijaribu kuipanda anaanguka chali. Choo husahaulika kabisa: mlango wa sentimita 60 haupitishi kiti, kwa hiyo msichana hanywi maji mchana kutwa ili asihitaji kwenda. Mabalozi mkija kufungua majengo, chukueni futi ya fundi mpime wenyewe mlango wa choo.

Kwa wasioona, ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida huzaa kurasa mbili hadi tatu za breli, kwenye karatasi nzito ambayo haiuzwi kila duka. Shule ya wasioona ya Kibos, Kisumu, ina walimu wanaojua haya kwa kina, ila mtoto anayehamia shule ya kawaida jirani na kwao anaweza kumaliza muhula kabla ya kitabu chake kufika. KICD iagizwe kudai faili ya kidijitali ya kila kitabu siku kinapoidhinishwa, ili uchapishaji wa breli uanze pamoja na ule wa kawaida. Mwenye uoni hafifu anahitaji tu herufi kubwa za ukubwa wa 18, ambazo mashine yoyote ya kuchapisha inatoa. Kwa kiziwi, mwalimu asimame mwanga wa dirisha ukimwangukia usoni, asiongee akiwa ameelekea ubaoni, na Lugha ya Ishara ya Kenya ifundishwe pia kwa wenzake wanaosikia. Mtoto mwenye mkalimani lakini asiye na rafiki wa kuongea naye wakati wa mapumziko bado yuko peke yake.

Mwaka 2025 ulituonyesha jinsi pesa zinavyokatika. Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Februari mwaka huo Uingereza ilitangaza kupunguza misaada hadi asilimia 0.3 ya pato lake la taifa ifikapo 2027. Nchi zina haki ya kuamua matumizi yake. Tunachoomba ni kifungu cha kuondoka katika kila mkataba: notisi ya miezi 12, faili zote za vitabu na mafunzo zikabidhiwe KICD zikiwa na ruhusa ya kuchapishwa upya bila malipo, takwimu za wanafunzi zirudi kwa ofisi za elimu za kaunti, zisibaki kwenye kompyuta za mradi, na kila cheo kilichoanzishwa kiwe na tarehe ambayo TSC au kaunti itaanza kukilipia. Upande wa Kenya usipokubali tarehe hiyo, cheo kisianzishwe.

Neno kwa mabalozi peke yenu. Mradi unaokuja na nyaraka za Kiingereza tupu, zilizojaa istilahi ambazo hata mwalimu mkuu hawezi kuzieleza, hauchukui wiki moja kabla ya uvumi kuenea kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi kwamba kuna ajenda ya kuharibu maadili ya watoto. Mkinyamaza, uvumi unashinda, na anayelipa ni mtoto wa Akorino au mwenye ulemavu ambaye mradi ulikusudiwa yeye. Chapisheni kila kitu kwa Kiswahili kabla ya siku ya kwanza. Wekeni nakala kwa mwalimu mkuu, kwa bodi ya usimamizi, kwa kasisi na kwa imamu. Mzazi aruhusiwe kuketi darasani na kusikiliza. Wazazi wa Nakuru na Kisumu wanakubali mengi wakionyeshwa, na wana haki ya kukataa wanachofichwa.

Mwisho ni kalenda. Uchaguzi Mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Molo, Kuresoi na Njoro zimeona vurugu zaidi ya mara moja tangu 1992. Sondu, mpakani mwa Kisumu na Kericho, imechafuka hata miaka ya karibuni. Katika maeneo hayo shule ndipo watoto wa pande mbili hukutana kila siku. Kazi ya amani ikianza Julai 2027 itakuwa imechelewa. Vikao vya walimu tulivyovieleza vianze muhula wa tatu wa 2026, madaftari ya matusi ya darasani yasomwe kila mwezi na afisa wa mitaala, na shule ambayo maneno yanazidi isaidiwe na Tume ya Uwiano na Utangamano kabla ya kampeni kupamba moto. Viwanja vya shule visitumike kwa mikutano ya vyama wakati wa masomo, na mwalimu anayempigia debe mgombea asiongoze vikao hivyo.

Rasimu ya kanuni ya sare, jedwali la ukaguzi wa vitabu na mfano wa kifungu cha kuondoka tumeziandaa na ziko tayari kukabidhiwa. Tunaomba kila wizara iteue afisa mmoja wa kuzipokea, na majibu ya maandishi yapitie kwa wakurugenzi wa elimu wa kaunti zetu tatu kabla ya muhula huu kufungwa.

Wenu katika kazi,

Walimu, maafisa wa mitaala na wapimaji
Nakuru, Kisumu na Busia